Moshi Usiokuwamo Kwenye Ramani

Siku ile tuliyokwenda kutafuta kwetu walikuwepo hawa: Mzee Ojambo wa Lumino, aliyetumwa na mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, awe macho yake, Hamisi mwenye lori, ambaye hakutumwa na mtu, mdogo wangu Wandera, mdogo wetu wa mwisho Taaka, ambaye hakukumbuka chochote cha huko na kwa hiyo hakuogopa, mimi, mkubwa wao, na Mwalimu wa Ramani. Baba na mama walikuwepo pia, ila tulikuwa hatujajua bado ni wapi.

Jina la Mwalimu nalijua, lakini sikuwahi kumwita kwalo akiwa hai na sitaanza leo. Alikotoka sikupajua vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kueleza. Tulimwita Mwalimu wa Ramani ingawa alitufundisha na hesabu na kuimba pia, na kwa kuimba alikuwa mbaya sana. Alikuwa mrefu, bega lake moja limeshuka kuliko jingine. Kabla ya kushika chaki alikuwa mbeba mnyororo wa wapima ardhi, wale waliopita nchi yetu wakivuta mnyororo wa chuma vichakani kutoka bikoni moja, nguzo ya kupimia, hadi nyingine. Ule mnyororo ndio uliomshusha bega. Sisi watoto tulisema bado ameubeba, ila hauonekani.

Hakutusalimia kama watu wengine. Ukikutana naye njiani alisimama, akakutazama, akauliza, "Uko wapi?" Hukuruhusiwa kujibu "niko hapa." Hapa, alisema, si mahali. Ilibidi ujibu kwa vitu vinavyoonekana na pande za dunia: niko kusini ya mwamba wa Tororo, magharibi ya mto, kanisa liko nyuma yangu. Mwamba ule unaonekana karibu kila mahali kwetu, kwa hiyo majibu mengi yalianza nao. Wazee waliokuwa hawajui desturi yake walikasirika. Baba yangu mdogo, aliyetulea pale Sikuda, alimjibu siku moja, "Niko kwangu. Na wewe uko kwangu pia, tena hujapiga hodi."

Mwalimu alicheka hadi akashika mti wa ua. Alikuwa na kicheko kizuri. Nasema hivyo kwa sababu mengi nitakayoyasema yatamfanya aonekane mtu wa huzuni tu, na hakuwa hivyo.

Darasani alikuwa na karatasi moja kubwa ya ramani, imebandikwa juu ya kitambaa, inakunjika kama kanga. Inchi moja kwa maili moja. Ilionyesha nchi kutoka mwamba wa Tororo upande wa juu hadi ziwani upande wa chini. Alitufundisha kuisoma kama watu wengine wanavyofundisha sala. Kwanza kaskazini. Kisha kipimio, ili usidhani Busia na Lumino ni majirani. Kisha ufunguo, kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza kila alama ni ya nini: msalaba ni kanisa, mstari wenye meno ni reli, vijiti vidogo vya majani ni kinamasi, kijiraba cheusi ni nyumba.

"Kitu kisicho na alama kwenye ufunguo hakipo kwenye ramani," alisema. "Lakini je, hakipo duniani?"

"Kipo, Mwalimu!"

"Semeni tena."

Tulisema tena. Alitusemesha hivyo mara nyingi kuliko somo lilivyohitaji.

Kufundisha mistari ya kontua alichukua udongo wa kichuguu, akaufinyanga mfano wa mwamba wa Tororo ndani ya karai, akamimina maji kidogo kidogo. Kila maji yalipopanda aliukwaruza udongo kwa kijiti pale maji yalipofika. Kisha alimwaga maji yote, tukaona mwamba umezungukwa na mistari. Upande mkali mistari ilikaribiana kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Upande wa taratibu iliachana. Hadi leo nikiona mteremko naona mistari juu yake, na siwezi kuiondoa.

Alitwambia kaskazini ziko mbili, ya kweli na ya sindano ya dira. Tofauti yake ni ndogo, huwezi kuihisi. "Lakini itembee siku nzima," alisema, "jioni utalala kwa watu usiowajua."

Sasa niseme mambo yake ambayo hatukuyaelewa.

La kwanza, hakunywa uji. Shule ilitupikia uji wa mapumziko, na wapishi walimpelekea kikombe kila siku kwa heshima, na kila siku kilirudi kimejaa. Tulisema ana vidonda vya tumbo. Wengine walisema amekula kiapo.

La pili, koti lake. Lilikuwa la kaki, zito, na hakulivaa. Alikuja nalo mkononi, akalitundika kwenye msumari uleule ukutani. Msumari ule ulikuwa umepigwa mahali pabaya, kwa sababu koti lilifunika pembe ya chini ya ramani, upande wa kushoto, kusini ya Lumino kuelekea ziwani. Siku moja Othieno, kijana wa Tororo aliyekuwa hodari kuliko sisi sote, aliuliza kama anaweza kulisogeza koti aone ziwa.

"Ziwa halijahama," Mwalimu akasema. "Soma unachokiona."

La tatu, moshi. Hakuweza kuuona moshi mbali akautazama tu kama mtu mwingine. Alisimama katikati ya sentensi. "Moshi ule ni wa nani?" Kama kuna aliyejua, alipumua, akaendelea na somo. Kama hakuna, hakuendelea. Aliliacha darasa na hesabu nusu ubaoni, akavuka mashamba kwenda kuuliza, akarudi na matope hadi magotini. "Ni mama Nabwire anachoma mabua," alituambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa kitu.

Na mtu huyu aliyejua kila kijito alikuwa anapotea mjini. Busia haikuwa kubwa wakati ule: maduka ya Wahindi, msikiti, soko, na barabara inayokwenda upande wa Kenya. Mwalimu alipotea humo. Hamisi, ambaye babu zake walitoka pande nne tofauti na yeye akazaliwa nyuma ya msikiti, hakumwacha apumue.

"Mwalimu! Ulaya unajua iko wapi, lakini kila wiki naokota wewe nyuma ya duka la nyama!"

"Mjini hakuna upeo wa macho, Bwana Hamisi. Nyumba zinaziba."

"Hakuna upeo, lakini choo iko. Na ile choo umeingia si ya wanaume."

Mimi shule niliiacha mapema. Baba na mama walikufa mwaka wa malale, kule chini karibu na ziwa, na walionusurika serikali iliwahamisha wote, ikaifunga ile nchi kwa sababu ya mbung'o. Baba mdogo alitubeba hadi Sikuda. Alikuwa mtu mwema mwenye watoto wake wengi, na wema wake ulikuwa na mwisho kama chakula kilivyo na mwisho. Wandera alipofika umri wa kuvaa kaptura za shule niliona kwamba mmoja wetu lazima auze kitu sokoni, nami ndiye mkubwa. Basi nikauza muhogo na simsim pale Busia. Sikulia sana. Nilikuwa nimeshajua kusoma ramani, na nilidhani hiyo inatosha.

Mwalimu hakuniacha. Alikuja sokoni, akapotea njiani, akafika, akasimama mbele ya muhogo wangu.

"Uko wapi, binti?"

"Niko kusini ya mwamba, Mwalimu. Mpaka uko mashariki yangu. Jua liko juu ya msikiti."

"Vizuri. Na nyumbani ni wapi?"

Hilo nilikuwa silijibu. Nilisema Sikuda. Yeye alitazama pembeni, akanunua simsim asiyoihitaji.

Ikaja habari kwamba nchi ile ya ziwani inafunguliwa. Mbung'o wamepungua, watu warudi. Lakini warudi kwa utaratibu: atakayeonyesha palipokuwa kwao atapewa pale, palipokuwa patupu patagawiwa wengine, na wengine walikuwa wengi tayari, wana ng'ombe na jamaa gombolola. Wandera alikuwa amefika umri wa kujenga nyumba, na kwa baba mdogo hapakuwa na kiwanja kilichobaki ambacho binamu zetu hawakukitazama. Nikaenda gombolola. Karani, kijana mwenye adabu, alifungua karatasi ya ramani, ndugu wa ile ya darasani kwetu. Kwa mara ya kwanza nikaiona ile pembe bila koti. Ilikuwa tupu. Vijiti vya majani, mistari michache ya kontua, basi. Hakuna kijiraba hata kimoja.

"Dada, hapa hapakukaa mtu," karani akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisoma alichokiona.

Nilitoka pale, nikaenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu alikuwa peke yake darasani. Nilimweleza. Kisha akaniuliza, "Mama yako alipokuwa akisaga nafaka, alitazama wapi?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini nilijibu, kwa sababu nililijua. Mama alisagia nje, mbele ya nyumba, nami nilikaa kando yake nikiokota punje. Asubuhi zisizo na ukungu aliinua kidevu na kusema, lile jiwe dogo kule mwisho ni Tororo. Na mkono wake wa kulia, upande wa Kenya, kulikuwa na kilima chenye mwanya kama jino lililong'oka, na jua lilitokea kwenye mwanya ule majira ya kupanda wimbi.

"Basi hujapotea," Mwalimu akasema. "Mtu anahitaji vitu viwili tu anavyovijua. Kimoja kinakupa mstari, na kwenye mstari unaweza kuwa popote. Viwili vinakupa mahali."

Aliitoa ramani ukutani, akaikunja, akalivaa koti. Sikuwahi kumwona amelivaa.

Hamisi alitupakia kwenye lori hadi Lumino, juu ya magunia yake ya chumvi. "Mimi nakwenda mpaka hapa tu," alisema tulipofika mwisho wa barabara. "Huko mbele iko mizimu na mbung'o, na mimi wote wawili hawanipendi." Kisha akazima lori, akashuka, akaja.

Tulitembea na Mzee Ojambo mbele na panga lake. Nchi iliyohamwa si kama pori. Pori limetulia. Pale kila kitu kilikuwa kama kimenyamaza kwa sababu tumeingia. Tulipita migomba iliyorudi kuwa ya mwitu, na njia ambayo miguu iliijua kabla ya macho. Mwalimu aliishika dira kifuani. Kila tulipopata uwazi alinisimamisha. "Mwamba?" Nilionyesha. "Mwanya?" Nilionyesha. Alisoma nyuzi za dira, akapiga magoti, akaichora mistari kwa penseli na rula juu ya ramani, na mistari ilikutana kwenye weupe ule, na akasema tuko mashariki mno, twende magharibi. Tukaenda magharibi. Wandera alinong'ona, "Dada, tusipokuta kitu?" Nikamwambia anyamaze atembee.

Tulipofika mwamba ulikuwa mahali pake kabisa na jua lilikuwa limeshapanda juu ya mwanya. Nilijua kabla ya kuona. Ua wa mnyaa uliokuwa mfupi wa kurukwa na mbuzi ulikuwa umekuwa miti. Taaka, aliyekuwa akizunguka bila hofu, akaita, "Dada, jiwe hili lina shimo kama sahani!"

Lilikuwa jiwe la kusagia la mama. Limelala mvua ngapi pale, na lile shimo bado laini kama shavu. Nyuma yake, ndani ya ua, minyaa miwili ilikuwa imesimama peke yake, mirefu. Baba mdogo aliwachomekea fimbo za mnyaa vichwani siku za kuzika, za kuwekea alama tu, na fimbo zilikuwa zimeota. Hivyo tukawapata. Wandera alivua kofia. Taaka akauliza yupi ni mama, nikamwonyesha.

Mwalimu hakuja kwenye makaburi. Alibaki kwenye jiwe.

"Hapa nilipewa uji," akasema.

Mzee Ojambo akageuka. "Lini, Mwalimu?"

"Wakati wa mnyororo. Mzungu alikuwa kilimani kule na darubini yake. Akaona moshi. Akaniambia, shuka uangalie ule moshi ni wa nani, tuuweke. Nikashuka. Nikamkuta mwanamke ana mimba kubwa, anasaga. Akaniona nina kiu, akanipa uji wa wimbi kwenye kibuyu. Nikanywa. Akaniuliza, hiyo karatasi yenu ikiandika nyumba zetu, kodi haitafuata? Nikamwambia itafuata. Akasema, basi, ndugu yangu, waambie hatupo."

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza wa mama. Wandera alinitazama, akatazama chini.

"Nikapanda kilimani," Mwalimu akasema. "Nikamwambia Mzungu ni wawindaji wanachoma majani. Moshi huu na mingine yote ya huku. Hawapo watu, nikasema. Akaandika hawapo."

"Hiyo ni huruma, Mwalimu," Hamisi akasema. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Hata mimi kodi nimeikimbia ng'ambo ya mto mara nyingi. Kila mtu hapa mpakani angesema vile."

"Niliwasema hawapo, Hamisi. Sasa tazama."

Mzee Ojambo alilifuta panga kwenye majani, polepole. "Utayasema haya mbele ya mkuu?"

"Nitayasema."

"Watakutoa shuleni."

"Mzee, mimi shuleni nimekuwa nikikaa kwenye nyumba ya mtu mwingine."

Akapiga magoti, akaweka kijiraba kimoja na misalaba midogo miwili kwenye ile pembe tupu. Kwa wino. Chupa alikuja nayo mfukoni mwa koti.

Barazani alisema yote. Mkuu alimuuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, uliidanganya serikali?" Akajibu ndiyo. "Na leo tukuamini?" Akasema, "Msiniamini mimi. Aminini jiwe la kusagia. Hakuna mwindaji anayekwenda porini amelibeba." Mzee Ojambo alisimama akasema ameliona kwa macho yake. Tulipewa kwetu. Majirani wengine waliokuwa wamebaki hai wakaja na vitu vyao viwili viwili, huyu kilima na kisiwa, yule mto na mwamba, nao Mwalimu akawachorea mistari, siku baada ya siku, na hakuna aliyekosa.

Shule ikamtoa kabla muhula haujaisha. Aliniletea ile ramani, maana ilikuwa yake, aliinunua kwa mshahara wa mnyororo. Kisha akavuka mpaka, au akaenda kaskazini. Kila mtu alikuwa na maneno yake.

Nilimwona tena mara moja tu. Mimi na Wandera tulikuwa tumekwenda Tororo kununua mabati, na Wandera alikuwa bado anabishana na mwenye duka. Nikamwona kwenye baraza la duka la pili, karibu na stesheni, ameketi na lile koti mapajani. Macho yote mawili yalikuwa meupe. Mwamba ulikuwa umesimama juu yake karibu kabisa, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, na yeye hakuuona. Nilisimama mbele yake. Akainua uso.

"Uko wapi?"

Sijui alinijuaje. Labda alimuuliza kila aliyesimama.

"Leo niko chini ya mwamba, Mwalimu. Lakini kwangu ni kusini ya Lumino."

"Kuna moshi?"

"Upo. Wandera anajenga, tumekuja kuchukua mabati. Taaka anasaga kwenye jiwe lile lile. Na jirani wamerudi, asubuhi moshi ni mwingi hadi unakohoa."

"Wa nani na nani?"

Nikamtajia. Nyumba kwa nyumba, kutoka ziwani kupanda juu, nikamtajia wote, naye akaitikia kwa kichwa kila jina. Nilipomaliza akasema, "Kuna mama hapa anauza uji. Ninunulie."

Nikamnunulia. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa wote, bila kupumzika, kama mtu aliyeshuka kilima kirefu. Kisha akaniuliza kama karatasi ninayo bado. Nikasema ninayo.

"Nikifa, niweke. Popote nitakapokuwa. Nimewaweka watu na nimewaacha watu. Mimi naomba niwekwe."

"Nitakuweka, Mwalimu."

"Kwa wino."

"Kwa wino."

Nilimsihi twende naye nyumbani. Akasema atakuja mavuno yakiisha. Wandera akaniita, mabati yamepakiwa.

Habari ya kufa kwake aliileta Hamisi, na hata yeye hakufanya mzaha. Alisikia kwa dereva, aliyesikia kwa mtu wa reli. Nilikwenda kijiji cha Kwapa, kwa sababu walisema familia moja ya Wateso ilimchukua siku za mwisho. Mama mzee alinitoa nje akanionyesha majani. "Ni hapa," akasema, kisha akasogea, "au ni pale. Tulizika wengi mwaka ule." Wengine wakaniambia siye, yule wa Kwapa alikuwa mtu mwingine, Mwalimu alizikwa upande wa Kenya. Huko nako nilikwenda.

Wandera ana wajukuu sasa, nao wananiambia niweke alama yoyote, karatasi ijae, nipumzike. Siwezi. Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba alama ya kukisia ni mbaya kuliko weupe. Nami nimekuwa kama yeye: nikiona moshi kwenye kichaka kisicho na mtu nawatuma watoto waulize, na wakirudi kusema hawakukuta mtu, silali vizuri.

Wino ninao. Nimebadilisha chupa, ya kwanza ilikauka. Asubuhi zisizo na ukungu naifungua ramani juu ya jiwe la mama na kuutazama mwamba, kwa sababu chini yake ndipo nilipomwacha mara ya mwisho. Hicho ni kitu kimoja. Mstari mmoja ninao. Unaanzia Tororo, na bado haujakutana na mwingine.